Muulize mteja: "Unashukia kituo gani?"



Mimi nauza mikoba ya kike mtandaoni hapa Dar. Mwaka jana nilibaki kidogo niache. Oda zilikuwepo, tatizo usafiri. Mkoba wa 15,000, boda 5,000. Mteja akisikia hivyo, kimya. Meseji imesomwa, jibu hakuna.

Siku moja mteja wa Mbezi akaniambia: "Dada, mimi kila jioni nashuka mwendokasi Kimara. Si unipe mzigo palepale?" Nikampa. Kesho yake wakaja wawili. Nikaongea na mama mmoja mwenye duka karibu na kituo, akanipangisha rafu moja. Mteja analipia kwa simu, akishuka anachukua mzigo wake.

Mwaka huu mwenye nyumba akampandishia yule mama kodi. Sababu? "Hapa watu wanapita wengi." Ni kweli. Ila hao watu wameletwa na kituo, na faida ya kodi inaenda kwa mwenye nyumba, haiendi kwenye mabasi.

Hong Kong walilifikiria hilo mapema. Kampuni yao ya treni za mjini, MTR, ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, ilianza kubeba abiria mwaka 1979. Inapojenga njia mpya, mara nyingi serikali huipa haki ya kuendeleza ardhi ya juu na kando ya stesheni, kwa bei ya kabla reli haijafika. MTR inaungana na wajenzi, zinapanda nyumba na maduka, na thamani iliyoongezeka inasaidia kugharamia reli. Juu ya hapo inapangisha maduka ndani ya stesheni. Haitegemei tiketi peke yake. Na wakazi wa nyumba zile ndio abiria wa kesho.

Wakala wa usafiri popote anaweza kujifunza hapo: panga ardhi ya kituo kabla ya kumwaga zege, weka njia za miguu na taa, ruhusu makazi mengi karibu. Ila fremu zikienda kwa mwenye dau kubwa tu, sisi wa rafu moja tumekwisha. Lazima zitengwe na ndogo za kodi nafuu.

Sasa wewe fanya haya:

1. Kila oda, uliza mteja anashukia kituo gani na saa ngapi. Panga mizigo kwa kituo, siyo kwa mtaa.

2. Ukipata rafu au kona, andikishianeni. Kodi iwe ya miezi inayojulikana. Mimi na yule mama tuliaminiana kwa mdomo, sasa nalipa zaidi.

3. Ukisikia njia mpya inakuja kwenu, tafuta sehemu mapema. Mkiitwa kutoa maoni serikali ya mtaa, nenda, uliza: "Wafanyabiashara wadogo mmetuwekea wapi?"

Mimi rafu yangu bado ninayo, na boda namwita mara chache sana.

Wewe wateja wako wanashukia wapi? Tuambie hapa chini.