Hifadhidata isiyohitaji seva: Maswali ya waunda programu yajibiwa

IKIWA unamiliki simu ya Android au iPhone, basi unatembea na hifadhidata kadhaa za SQLite mfukoni, pengine bila kujua. Majina na nambari za jamaa zako, historia ya kurasa ulizofungua katika Chrome au Firefox, na hata jumbe za WhatsApp, zote hutunzwa humo.

Programu hii iliundwa mwaka wa 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, alipokuwa akishughulikia mradi wa manowari ya kurusha makombora ya jeshi la majini la Marekani. Programu iliyotumiwa wakati huo ilikuwa ikikwama kila seva ya hifadhidata ilipozimika. Ndipo akaazimia kuunda hifadhidata isiyohitaji seva kamwe. Hailipiwi chochote, na waliyoiunda wameachilia haki zao zote za umiliki.

Hifadhidata kama vile MySQL na PostgreSQL huendeshwa na seva inayopokea maombi kutoka kwa programu nyingine. SQLite, kwa upande wake, huingizwa ndani ya programu yenyewe, na majedwali yote hukaa katika faili moja. Kwa sababu hiyo, inamfaa sana anayeunda programu ya duka au ya zahanati ya mashambani ambako intaneti haitegemeki. Hata hivyo, wepesi huo umezua maswali ambayo vijana wanaojifunza kazi hii huyauliza kila mara.

Je, watu wengi wanaweza kuitumia kwa wakati mmoja?

Wanaweza kusoma kwa pamoja, lakini kuandika ni zamu ya mmoja tu. Fahali wawili hawakai zizi moja. Anayekuja wa pili huambiwa kwamba hifadhidata imefungwa, na ni wajibu wa mwunda programu kuiagiza isubiri kwa sekunde chache badala ya kukata tamaa papo hapo. Tangu mwaka wa 2010 kuna utaratibu uitwao WAL, unaowawezesha wasomaji kuendelea na shughuli zao huku mmoja akiandika.

Kosa la kuepukwa ni kuweka faili hiyo kwenye diski inayotumiwa na tarakilishi kadhaa kupitia mtandao. Kufuli za faili huwa haziaminiki katika mazingira hayo, na data zinaweza kuharibika. Duka lenye makeshia kumi lahitaji hifadhidata yenye seva.

Mbona kuingiza rekodi huchukua muda mrefu?

Kila amri ya kuingiza rekodi huchukuliwa kuwa muamala kamili, na SQLite hungoja hadi data zifike salama kwenye diski kabla ya kuendelea. Katika diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, miamala inayowezekana ni takriban 60 tu kwa sekunde. Dawa ni kukusanya rekodi nyingi katika muamala mmoja, baina ya amri za BEGIN na COMMIT. Hapo tarakilishi ya kawaida yaweza kuingiza rekodi 50,000 au zaidi kwa sekunde.

Wapo wanaotafuta kasi kwa kuizuia SQLite kungojea diski. Mahali ambapo umeme hupotea ghafla, hiyo ni kamari. Stima ikikatika katikati ya kazi, faili nzima yaweza kuharibika.

Nimefuta rekodi, mbona faili haipungui?

Nafasi iliyoachwa wazi hubaki ndani ya faili ikisubiri rekodi mpya. Amri ya VACUUM huijenga faili upya na kuipunguza, mradi diski iwe na nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo.

Suala hili si la ukubwa wa faili pekee. Habari zilizofutwa huweza kusalia humo, na mtu mwenye ujuzi akazisoma. Fikiria tarakilishi kuukuu ya zahanati inayouzwa ikiwa na majina ya wagonjwa na maradhi yao, ilhali mwenyewe anaamini alishayafuta. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nchini Kenya inampa mwananchi haki ya kutaka habari zake zisizostahili kuendelea kuhifadhiwa zifutwe. Anayetunza siri za watu awashe mpangilio wa secure_delete tangu mwanzo, ili kinachofutwa kifunikwe kwa sufuri.

Kwa nini inakubali maneno katika safu ya nambari?

Hivyo ndivyo ilivyobuniwa. Aina ya data iliyotajwa kwa safu huwa ni pendekezo tu. Ukiandika "mia tano" katika safu ya bei, itapokelewa, na hesabu za jioni zitakosa kulingana. Tangu mwaka wa 2021, jedwali linaweza kutangazwa kuwa STRICT, nalo litakataa data za aina isiyofaa. Vilevile, ukaguzi wa uhusiano kati ya majedwali kwa kawaida huwa umezimwa. Sharti uuwashe kila unapofungua hifadhidata.

Nakala ya akiba hutolewaje?

Usiinakili faili kiholela huku programu ikiandika, kwani waweza kupata nusu ya data za kale na nusu mpya. Tumia amri ya VACUUM INTO, iliyoanza kupatikana mwaka wa 2019. Aidha, ukikuta faili yenye jina linaloishia kwa "-journal" au "-wal" kando ya hifadhidata baada ya umeme kupotea, usiifute. Ndiyo itakayotumiwa kurejesha mambo yalivyokuwa.

Kisha ifungue nakala hiyo katika tarakilishi nyingine, uhakikishe kwamba inasomeka. Akiba haiozi, lakini nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiwezi kuitwa akiba.