Moyo Unapopiga Polepole Kupita Kiasi

Mwanariadha wa mbio ndefu anaweza kuamka na mapigo 45 kwa dakika, akavaa raba zake na kwenda mazoezini. Mzee mwenye mapigo hayohayo, jasho jembamba likimtoka, presha imeshuka na maneno hayaeleweki, anahitaji kuokolewa sasa hivi. Daktari huangalia kwanza kama damu inafika kwenye ubongo. Namba pekee haitoshi.

Dawa ya kwanza ni atropini, dawa kongwe yenye asili katika mimea ya sumu kama Atropa belladonna. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kichwani, ndiyo breki ya moyo: humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na mapigo yanapungua. Otto Loewi alilithibitisha hilo mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura. Alichukua majimaji ya moyo uliopunguzwa kasi kwa kusisimuliwa neva hiyo, akayamimina kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza kasi. Atropini huiziba asetilikolini njia, breki ikaachia.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 ulipandisha dozi ya mtu mzima kutoka miligramu 0.5 hadi 1 kwa sindano ya mshipani, irudiwe kila dakika 3 hadi 5, jumla isizidi miligramu 3.

Lakini kuna wagonjwa ambao kwao atropini haifui dafu. Umeme wa moyo ukikatika chini kabisa, kati ya vyumba vya juu na vya chini, kulegeza breki hakusaidii kitu. Vivyo hivyo aliyepandikizwa moyo, kwa kuwa neva yake ilikatwa wakati wa upasuaji. Kwa maoni yangu, hapa ndipo uhai hupotea bure: kusubiri dozi ya pili na ya tatu wakati mgonjwa anahitaji dripu ya adrenalini au dopamini, ama mashine ya kuusukuma moyo kwa umeme kupitia kifuani. Baadaye wengine huwekewa betri ya moyo, huduma inayotolewa pia na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Chanzo nacho hutafutwa papo hapo. Potasiamu ikipanda kwa mgonjwa wa figo, hupewa kalsiamu. Mkulima aliyedhuriwa na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huhitaji atropini nyingi zaidi, dozi ikiongezwa maradufu kila dakika 5 hadi mapafu yakauke. Na vidonge vya presha kama atenololi vinaweza kushusha mno mapigo ya moyo, kwa hiyo ndugu wanaomkimbiza mgonjwa hospitali wabebe dawa zake zote, pamoja na makopo matupu.