Riwaya za anga za juu zinatuhusu nini sisi wa Eastlands?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na kikundi cha wasomaji wa Kiswahili mtaani Kaloleni, Nairobi. Tulikuwa kumi na wawili pamoja nami: wanafunzi wa sekondari, mwalimu mstaafu kutoka Jericho, kinyozi wa Umoja na mama mmoja anayeuza vitabu vikuukuu Buruburu. Mada ilikuwa riwaya zinazosimulia safari za anga za juu. Nilidhani saa moja ingetosha. Tuliagana jua likitua.

Kinyozi ndiye aliyetia moto mjadala. "Mwalimu, hizo stori za sayari ni za watu wameshiba. Sisi hapa tunawaza renti na maji ya mtungi. Mars itanilipia nyumba?" Watu wakacheka, na wengi wakaafikiana naye. Kisha msichana wa kidato cha tatu akasema kwa sauti ya chini: "Mimi nazipenda sana, lakini nazisoma kwa Kizungu. Kiswahili hakina maneno ya hiyo kitu."

Hizo ni hoja mbili tofauti. Ya kwanza inahusu maudhui: je, hadithi za mbali zina faida gani kwa mtu mwenye dhiki za karibu? Ya pili inahusu lugha: je, Kiswahili kinaweza kubeba safari hizo? Nitaanza na ya pili kwa kuwa ndiyo iliyonichoma zaidi.

Kiswahili kina maneno hayo, ila tumezoea kuyachanganya. Mtoto wa Eastleigh amelelewa karibu na kambi ya Jeshi la Wanahewa. Wa Embakasi huona ndege zikitua na kupaa kila siku. Kwao *angani* ni mahali ndege zinapopita. Ndiyo maana wataalamu husema *anga za juu* wanapotaja eneo lililo nje kabisa ya hewa tunayovuta. *Mbingu* nayo ina uzito wa kidini ambao *anga* haina. Vilevile *falaki* ni elimu ya nyota na sayari, ilhali *unajimu* kwa wasemaji wengi ni kupiga ramli kwa nyota. Anayekwenda dukani akiulizia kitabu cha unajimu asishangae kupewa cha kutabiri bahati yake.

Majina ya sayari tunayo pia: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Haya tumeyapata kutoka Kiarabu, na pwani yanajulikana tangu zamani. Lakini si kila jina la angani ni la kukopa. *Kilimia*, kile kishada cha nyota kilichowaonyesha wakulima majira, kimetokana na kitenzi *kulima*. Babu zetu walitazama juu ili wajue lini washike jembe. Huo ni ushahidi kwamba kutazama mbali hakujawahi kuwa kazi ya walioshiba pekee.

Niliwaongezea jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijua kikundini. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo anga za juu. Ilipewa jina *Uhuru*. Mwaka 2023 Kenya nayo ikapeleka setilaiti yake, *Taifa-1*. Basi neno la Kiswahili lilizunguka huko juu hata kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa nirudi kwa kinyozi. Swali lake halikuwa la kupuuzwa, na jibu langu lilikuwa kitabu kimoja: *Walenisi*, riwaya ya Katama Mkangi iliyotoka mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia mzaliwa wa pwani ya Kenya, na kabla ya hapo alikuwa ameandika *Ukiwa* na *Mafuta*. Katika miaka ya 1980 alitiwa kizuizini na serikali bila kufunguliwa mashtaka. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo katika nchi iliyojaa dhuluma, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa anga za juu. Chombo kinamfikisha kwenye sayari iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa na haki.

Tulilichambua jina hilo pamoja ubaoni. *Wale* ni kionyeshi cha watu walio mbali na msemaji, na mbali na msikilizaji pia. *Ni* ni kitenzi kishirikishi kipungufu; kazi yake ni kulinganisha kilicho kushoto na kilicho kulia. *Si* ni ufupisho wa *sisi*, ufupisho uleule ambao vijana wa Eastlands hutumia wanaposema "si tuko hapa". Ukiyaunganisha unapata *wale ni sisi*. Kisarufi sentensi hiyo ina mgongano ndani yake: kionyeshi cha mbali kabisa kimesawazishwa na nafsi ya karibu kabisa. Mtu hawezi kuwa kule na hapa kwa wakati mmoja, ila katika fasihi.

Mimi huona na maana nyingine, ingawa sidai kwamba Mkangi aliikusudia. *Si* ni kikanushi pia. Wale ni sisi kwa kuwa nao ni binadamu wenye mahitaji kama yetu. Tena wale si sisi, kwa kuwa wao wamejenga jamii ambayo sisi bado hatujaijenga. Nafasi iliyopo kati ya *ni* na *si* ndiyo umbali ambao msomaji anapimiwa. Kwa hiyo, ndugu yangu kinyozi, riwaya hii haikuondoi Umoja ukasahau renti. Inakupandisha juu uitazame Umoja nzima kwa mara moja, ujiulize ni nani aliyeamua kwamba maji yauzwe kwa mtungi.

Hapo mwalimu mstaafu akainua mkono. "Bwana, umeeleza vizuri, ila sikubaliani. Kama sayari ni kioo tu cha kwetu, hiyo siyo riwaya ya anga. Ni siasa imevishwa nguo za anga. Ingetosha kuandika kijiji cha ng'ambo ya mto."

Pingamizi lake lilinikumbusha kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha riwaya hii, mvulana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, chombo kikiingia kwenye hewa ya sayari, mbona kisiungue?" Nilimjibu kwamba hiyo ni ishara tu, aachane na mitambo atafute dhamira. Aliketi, na hakuniuliza swali lingine muhula mzima.

Swali lake lilikuwa zuri, na lina jibu. Chombo kinachozunguka dunia kwa karibu huenda kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Kinaporudi, hewa iliyo mbele yake hugandamizwa ghafla na kupata joto kali mno, ndiyo maana hufungwa ngao ya kuzuia joto. Vimondo tunavyoviona vikiwaka usiku huungua kwa sababu hiyohiyo. Ningempa jibu hilo, angeipenda fizikia pamoja na fasihi. Badala yake nilimfundisha kwamba Kiswahili hakishughuliki na mambo hayo.

Ndiyo maana nilikubaliana na mwalimu mstaafu nusu. Msomaji anayetafuta dhamira pekee huikosa safari, na anayetafuta mitambo pekee hukosa sababu ya kusafiri. Kijiji cha ng'ambo ya mto hakingetosha, kwa sababu mto una kivuko na msomaji angesema, "hao nawajua." Anga za juu humvua mazoea yake yote. Ndipo jina la sayari linapomshtua kwa kumwambia kwamba waliomo ni yeye.

Nawashauri walimu wenzangu wasomapo riwaya za aina hii na wanafunzi wao waulize maswali matatu: safari hii inawezekanaje? Inaacha nini nyuma? Na ukitazama kutoka kule, ni jambo gani la mtaani kwako linaonekana la ajabu ambalo jana lilikuwa la kawaida? La kwanza ni la sayansi, la pili la historia, la tatu la fasihi. Yote matatu yanajibika kwa Kiswahili.

Mama wa Buruburu alikuwa na nakala moja tu ya *Walenisi*, jalada limekatika. Waliafikiana kuisoma kwa zamu, wiki mbili mbili. Kinyozi aliomba awe wa kwanza, eti kwa sababu kazini kwake huwa kuna muda asubuhi kabla wateja hawajaingia.