Kadi ya Chama Haipigi Kura

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa kikundi cha akina mama hapa nje kidogo ya Kitale. Kabla ya kuhesabu mchango nikauliza, ni nani amejiandikisha kupiga kura? Mikono karibu yote ikainuka. Mama mmoja akasema yeye alijiandikishia pale dukani: kijana alikuja na kitabu, akachukua namba ya kitambulisho na namba ya simu, akampa kadi. Nikamuuliza kama aliwekwa vidole kwenye mashine. Akasema hapana. Kumbe mama alikuwa ameandikishwa kwa chama cha siasa, na jina lake halikuwa kwenye daftari la wapiga kura hata kidogo.

Mama huyo si mjinga. Wakati wa chama kimoja, kadi ilikuwa na nguvu kweli. Mwaka wa 1988, kwa ule uteuzi wa mlolongo, ni wanachama wa KANU peke yao walioruhusiwa kupanga foleni. Halafu vyama vingi vilipokuja, na mwaka wa 1992 FORD ikagawanyika, wazee wetu Bungoma na Trans Nzoia walibeba kadi za FORD-Kenya, zile za simba. Wengine bado wamezifungia kwa sanduku. Kwa hivyo mtu akiona kadi anafikiri kazi imeisha.

Sasa, huyo kijana wa duka alikuwa anatafuta nini? Chama kipya hupewa kwanza usajili wa muda, halafu kina siku 180 za kuomba usajili kamili kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ili kikubaliwe, sheria ya mwaka wa 2011 inadai wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, basi hesabu ni 24. Ndiyo sababu ya zile mbio za kukusanya namba za vitambulisho. Tena hao wanachama wanatakiwa wawe wapiga kura tayari, kwa hivyo hata hicho chama hakikupaswa kumhesabu mama yetu!

Kujiunga na chama ni haki yako, lakini iwe kwa kupenda kwako. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi walitazama kwenye eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Mwombe kijana wako akuangalizie. Ukijikuta mahali usipotaka, jiondoe kwa maandishi. Hili ni muhimu zaidi kwa anayetaka kusimama kama mgombea huru, hata kwa kiti cha MCA tu, kwa sababu Katiba inasema asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi 3 kabla ya uchaguzi.

Kura yenyewe ni mambo ya IEBC. Uwe raia wa miaka 18 au zaidi, uende wewe mwenyewe na kitambulisho halisi au pasipoti, uwekwe vidole. Fotokopi haitoshi. Afisi ya eneo bunge huandikisha wakati wote, isipokuwa zile siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Wazee wanaotunza kadi ya kura ya zamani wajue haina kazi tena, maana daftari lilianzishwa upya mwaka wa 2012.

Na hapa kwetu kuna jambo lingine linalotusumbua sana. Watu wetu wana mguu mmoja Bungoma na mwingine Trans Nzoia. Mtu alijiandikisha Kimilili akiwa kijana, leo amejenga Kiminini, watoto wanasoma huko, barabara mbovu anayolalamikia iko huko. Lakini siku ya kura jina lake liko Kimilili, atamchagulia Bungoma gavana, au akose nauli abaki nyumbani. Jina halimfuati mtu lenyewe. Aende afisi ya IEBC ya mahali alipohamia aombe kuhamishwa, siku 90 au zaidi kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, asingoje mwezi wa tano. Na asijiandikishe upya akinyamaza ati hawatajua. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

Baada ya mapigano ya 1991 na 1992, familia nyingi za Trans Nzoia na Mlima Elgon zilikimbia makwao bila karatasi yoyote, na bila karatasi hakuna kura. Kwa hivyo nikisikia leo mtu ameuza kitambulisho chake kwa shilingi mia chache kwa wakala wa mwanasiasa, ninakasirika. Anayekinunua hataki kura yako, anataka usipige.

Akina mama wetu wamepanga kwenda afisini Alhamisi, baada ya kukamua. Yule wa kadi ya dukani ndiye atatangulia.