Tikiti Yake Aliikata Wapi?

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi mkahawani mjini Marereni, kando ya barabara iendayo Garsen na Lamu, nikisubiri matatu ya kunirejesha Malindi. Ndege ndogo ikapita ikifuata ufuo kuelekea kaskazini. Vijana wa bodaboda waliokuwa kituoni wakainua vichwa kwa pamoja, wakaitazama hadi ikatokomea. Zamani sisi watoto wa pwani tulipoiona ndege tuliipungia mikono. Hawa hawakuipungia.

Mzee mmoja, kibarua wa mashamba ya chumvi, alikuwa akinywa chai meza ya pili. Akaniona nikiwatazama. "Mwanangu," akasema, "tangu ile ya Kwachocha, hawa wakisikia injini juu huangalia kwanza."

Msomaji atakumbuka. Jioni ya tarehe 10 Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilianguka Kwachocha, Malindi, kwenye barabara kuu. Rubani na wanafunzi wake wawili walinusurika. Waliokufa ni watu 3 waliokuwa ardhini, miongoni mwao mwendesha bodaboda na abiria wake. Watu wale walikuwa wakienda zao kama aendavyo yeyote kati yetu, wala hawakuwa na habari ya urubani.

Mzee akaniuliza: "Wewe ukitaka kupanda ndege hukata tikiti, ukajua unakokwenda. Yule wa pikipiki tikiti yake aliikata wapi?"

Sikuwa na jibu. Matatu ikaja, nikapanda, na swali likapanda nami.

Nimelitafutia jibu mbali, katika ndege za michezo, hasa zile zinazopandisha wachupaji wa miavuli. Hapa kwetu mchezo huo unafahamika Diani, kusini mwa Mombasa, ambako wageni na wenyeji huchupa kutoka angani wakatua mchangani. Sina kinyongo nao. Binadamu amepewa moyo wa kuthubutu, na anayejitolea kuhatarisha uhai wake mwenyewe kwa raha yake, hiyo ni hiari yake. Linalonishughulisha ni ndege inayompandisha.

Ndege hizo hazifanani na ile ya abiria. Aghalabu viti huondolewa, watu wakaketi sakafuni wamebanana kama samaki ndani ya tenga. Hupanda hadi futi 12,000 au zaidi, ikateremka upesi, ikajaza wengine, ikapanda tena, na kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kwa siku moja. Uzito nao hautulii. Wachupaji wanaposogea mlangoni, nao mara nyingi u karibu na mkia, mizani ya ndege huhama pamoja nao. Uzito ukizidi nyuma, pua huinuka, mwendo hupungua, na bawa likafika mahali haliwezi tena kubeba. Hapo rubani anahitaji nafasi ya kutosha chini yake ili airejeshe ndege katika hali yake. Akiwa ndiyo kwanza ametoka uwanjani, nafasi hiyo hana.

Sweden iliyaonja hayo mara mbili katika miaka miwili. Julai 2019 ndege ya wachupaji ilianguka Umeå, wakafa wote 9. Julai 2021 nyingine ikaanguka Örebro mara tu baada ya kuruka, wakafa wote 9. Mchupaji hupanda na mwavuli wake mgongoni, lakini mwavuli huhitaji anga ya kufungukia, na karibu na ardhi haumfai kitu.

Hawaii, Marekani, tarehe 21 Juni 2019, ndege ya wachupaji ilianguka Mokuleia ikaua watu 11. Bodi ya uchunguzi ya nchi hiyo ilisema rubani aliipindua ndege kwa nguvu mno ilipokuwa ikiruka. Haikuishia kwa rubani, kwani maiti ni mwepesi kubebeshwa lawama. Iligundua pia kwamba ndege yenyewe haikutunzwa ipasavyo, tena ikaitaja mamlaka ya anga ya Marekani kuwa kanuni zake za kusimamia safari za wachupaji zilikuwa pungufu. Bodi hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuonya mwaka 2008, ilipohesabu watu 172 waliokufa katika ajali 32 za ndege za namna hiyo tangu 1980.

Ninachokiona ni hiki: serikali huichukulia ndege ndogo kana kwamba ni jambo la siri baina ya walioipanda. Ile kubwa ya mamia ya abiria hukaguliwa kwa jicho kali. Ya mchezo, ya mafunzo, ya matembezi, hulegezewa kamba, kwa hoja kwamba aliyeipanda ameikubali hatari. Hoja hiyo ina nguvu Mokuleia. Kwachocha inavunjika vipande, maana waliokufa hawakuwamo ndani.

Mataifa yalikwisha kumkumbuka mtu wa chini. Mkataba wa Roma wa mwaka 1952 ulisema kwamba aliyedhurika ardhini na ndege ya nchi nyingine alipwe kwa kuthibitisha tu kwamba ndege ndiyo iliyomdhuru, asitakiwe kuthibitisha kosa la mtu. Huo ni uungwana. Mjane wa mwendesha bodaboda atajuaje hali ya bawa na injini?

Watu wa huku si washamba wa mambo ya anga. Toka Marereni hadi Ngomeni si mbali, na huko baharini, katika majukwaa ya San Marco, Waitalia walirusha roketi kuanzia 1967 hadi 1988. Wazee wanazikumbuka. Tarehe 28 Oktoba 2025 msiba ulipotokea Kwale, ndege iliyotoka Diani kwenda Maasai Mara ilipoanguka ikaua watu 11, habari zake zilizungumzwa vituo vyote vya bodaboda pwani hii. Watu wanaelewa. Wanachokosa ni kuelezwa.

Kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ya ajali itolewe ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Hizo huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, zikasomwa na wataalamu. Ningependa wachunguzi wetu wazitie kwa Kiswahili chepesi, kisha mmoja wao apande gari aje Malindi, asimame barazani mbele ya chifu na wazee, awasomee waliofiwa: ndege iliharibikaje, kwa nini ilikuwa juu ya barabara ile saa ile, na nini kimebadilishwa ili isirudi tena. Akimaliza, asiondoke, ajibu maswali.

Nami nitamwomba mzee yule wa chumvi aje, aketi mbele, aulize lake.