Kisukari cha Mimba na Moyo wa Mama

Kisukari cha mimba ni ongezeko la sukari kwenye damu linalogunduliwa wakati wa ujauzito, mara nyingi kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazodhoofisha kazi ya insulini. Kongosho la wanawake wengi humudu kuongeza insulini; la wengine huelemewa. Kondo likishatoka, sukari kwa kawaida hushuka upesi, na hapo ndipo uzembe mkubwa wa huduma huanza: mama huruhusiwa kwenda nyumbani kana kwamba yamekwisha.

Hayajaisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Diabetologia ulijumlisha tafiti 9 zenye wanawake zaidi ya milioni 5. Waliowahi kuugua kisukari cha mimba walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu takriban mara 2 ya wenzao, na tofauti hiyo ilianza kuonekana ndani ya miaka 10 tangu kujifungua. Hata ambao hawakuja kupata kisukari cha aina ya pili walizidi wenzao kwa zaidi ya asilimia 50. Kwa hiyo kipimo kizuri cha sukari, peke yake, hakimwondolei mama hatari. Ni kweli kwamba wanawake wachache sana hupata mshtuko wa moyo wakiwa bado vijana, lakini madhara hujengeka kimyakimya: insulini isiyofanya kazi vizuri huambatana na shinikizo la juu la damu, lehemu iliyovurugika, na kuta za mishipa zinazokakamaa.

Kinachotakiwa baada ya kujifungua hakihitaji mitambo mikubwa. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 mama hunyweshwa gramu 75 za glukosi na kupimwa sukari; kisha hupimwa tena kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maisha yake yote, pamoja na shinikizo la damu na lehemu. Tanzania na Kenya, mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6. Mama yupo hapohapo kliniki, na ingefaa sana naye apimwe.

Kunyonyesha, mazoezi, kupunguza uzito uliozidi na kuepuka tumbaku husaidia. Nchini Marekani, utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari ulionyesha kuwa kwa wanawake wenye historia hii ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, kubadili mwenendo wa maisha au kutumia dawa ya metformini kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa karibu nusu. Historia hiyo mama aitaje kwa kila daktari, hata miaka 20 baadaye.