Transfa Mbili kwenye Hilux: Hesabu Kabla ya Spana

Dereva anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna magari yenye transfa mbili, moja nyuma ya nyingine, hudhani linalotafutwa ni nguvu. Gari limekwama, injini ni ndogo, basi iongezwe gia nzito juu ya gia nzito hadi livute mlima. Dhana hiyo imewatoa watu wengi fedha mahali pasipostahili, na wengine imewavunjia ekseli. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya kulisukuma gari ilikuwepo tangu kiwandani. Transfa ya pili inakupa nafasi ya kuitumia nguvu hiyo polepole, na zaidi ya hapo inakupa ngazi nyingi za kuchagua kulingana na ardhi unayoikanyaga. Nitalipima jambo hili kwa gari moja: pikapu ya Toyota ya foo wili iliyouzwa Marekani kuanzia 1979 hadi 1995, ambayo kwingineko duniani tunaiita Hilux. Ndilo gari lililoipa kazi hii jina, hasa kupitia karakana ya Marlin Crawler ya Fresno, California, iliyojulikana miongoni mwa watu wanaopanda miamba ya Rubicon, njia ya zaidi ya kilomita 30 katika milima ya Sierra Nevada ambako gari hupita juu ya mawe yenye ukubwa wa boneti.

Transfa hukaa nyuma ya giaboksi na ina kazi mbili: kupeleka mzunguko kwenye propela ya mbele pale dereva anapotaka foo wili, na kupunguza mwendo anapoweka gia nzito. Katika nyingi ya Toyota hizi, kila kazi ina kipande chake. Mbele kuna kisanduku cha kupunguza mwendo, nyuma kuna sehemu inayogawa mzunguko, na viwili hivyo vimefungwa pamoja kwa bolti. Tena mzunguko unapita kwenye meno ya gia tupu, hakuna mnyororo ndani kama ilivyo katika transfa nyingi za baadaye. Kwa hiyo fundi hutafuta transfa ya pili iliyotumika, huifungua, huchukua kisanduku cha mbele peke yake, na kukifunga kati ya giaboksi na transfa nzima kwa bamba la kuunganishia na shafti fupi yenye meno. Nusu ya nyuma iliyobaki huwekwa kama spea. Ndani ya gari dereva sasa anashika mikono mitatu: wa giaboksi, wa kisanduku kipya na wa transfa ya awali. Jambo moja linalowashangaza wengi ni kwamba mita ya spidi haiharibiki, kwa sababu inachukua mzunguko wake mwishoni mwa transfa ya nyuma, baada ya punguzo zote mbili.

Tuje kwenye hesabu. Giaboksi ya W56 iliyofungwa kwenye nyingi ya pikapu hizi ina gia ya kwanza ya 3.954. Gia nzito ya transfa ni 2.28, na difu nyingi zilitoka na 4.10. Zidisha zote tatu, utapata karibu 37, yaani injini inazunguka mara 37 ili tairi lizunguke mara moja. Ukiongeza kisanduku cha pili cha 2.28, jumla inakuwa 84. Ukibadilisha gia za mojawapo ya visanduku na kuweka za 4.7, ambazo zinauzwa kwa kazi hii hasa, unafika karibu 174. Tuseme tairi linakwenda mita 2.5 kwa kila mzunguko na injini inanguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta. Gari la kiwandani litatembea sentimita 90 kwa sekunde. La transfa mbili za kawaida litatembea 40. La tatu litatembea 19, mwendo ambao mtu anayeelekeza tairi kwa mkono anaweza kurudi nyuma kinyumenyume mbele ya gari bila haraka yoyote.

Sasa upande wa nguvu. Gari la kilo 1,800 likiwa kwenye mwamba mkavu, ambapo tuukadirie msuguano kuwa 0.8, tairi zake nne kwa pamoja haziwezi kupokea zaidi ya Newton-mita 5,600 hivi kabla hazijaanza kuteleza. Hicho ndicho kikomo, na kinawekwa na uzito wa gari na mpira wa tairi. Gia hazina mamlaka juu yake. Injini ya 22RE inatoa Newton-mita 190 inapofika mizunguko 2,800. Zidisha kwa 37 na unapata 7,000. Hata ukitoa kinachopotea kwenye meno ya gia na beringi, gari la kiwandani lina nguvu ya kutosha kuzizungusha tairi zote nne mahali pamoja. Tatizo ni kwamba kwenye mizunguko 2,800 gari linakimbia kilomita 11 kwa saa. Anayeupiga mwamba kwa mwendo huo anapinda rimu, anavunja springi, anapoteza mwelekeo. Akipunguza mwendo, injini inashuka kwenye eneo lake dhaifu na kuzimika, au anaichoma klachi kwa kuikanyaga nusu. Transfa ya pili inamtoa dereva kwenye mtego huo. Injini ikitoa Newton-mita 100 tu kwa mizunguko ya chini, mara 84 ni 8,400, na kikomo cha tairi kimeshapitwa huku gari likienda mwendo wa kutambaa.

Faida hiyo inaonekana zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda. Kwenye mteremko mkali wa mawe, breki hufunga tairi, na tairi lililofungwa haliongozeki. Gari linaloshikiliwa na injini kwa uwiano wa 84 linashuka tairi zikiendelea kuzunguka, na usukani unaendelea kutii. Kuna faida nyingine ndogo ninayoipenda sana. Nyingi ya pikapu hizi zilikuja na swichi kwenye dashibodi inayoruhusu injini iwashwe bila kukanyaga klachi. Injini ikizimika katikati ya mwinuko, dereva anaiacha gia ndani, anageuza ufunguo, na stata yenyewe inalisogeza gari huku injini ikiwaka. Kwa uwiano mzito, stata haisumbuki, na gari halirudi nyuma hata kidogo.

Hoja ya kwanza ya kupinga ni ya mtu mwenye bajeti: kwa nini nisiweke gia za 4.7 ndani ya transfa moja niliyonayo, nikaepuka bamba, shafti na mkono wa tatu? Hesabu yake ya juu juu ni sahihi, maana atapata 76, karibu sawa na 84. Lakini amepoteza ngazi ya 2.28. Akiwa kwenye gia nzito na gia ya tano, kwa mizunguko 3,000 hapiti kilomita 27 kwa saa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga zetu wakati wa masika, au kwenye mchanga wa mto uliokauka, tairi linahitaji kuzunguka haraka kiasi ili lijisafishe na lisijichimbie, na hapo 4.7 ni kikwazo. Mwenye transfa mbili anabaki na gia nyepesi, 2.28, na punguzo mbili pamoja. Akiwa na 4.7 upande mmoja ana ngazi nne. Pia anapata kitu ambacho Toyota haikumpa: kisanduku cha mbele kikiwa kwenye gia nzito na transfa ya nyuma ikiwa kwenye tairi mbili, ana gia nzito bila foo wili, ambayo inafaa kurudisha trela nyuma kwenye lami kavu au kukata kona finyu bila propela kujikaza. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kuu ya kufunga transfa mbili, kubwa kuliko ile 174.

Mwingine atasema abadilishe difu tu, aweke 5.29. Difu hizo zina mahali pake, hasa gari likivalishwa tairi kubwa, lakini hazijui tofauti kati ya mwamba na barabara kuu. Kwa tairi zilezile, gari lililokuwa linakwenda kilomita 100 kwa saa kwa mizunguko 2,300 sasa litataka 3,000, safari nzima, kila siku. Transfa ya pili ikiwa kwenye gia nyepesi haidai chochote barabarani isipokuwa uzito wake na mvumo kidogo.

Hoja nzito zaidi ni ya uvunjikaji, na haifai kupuuzwa. Transfa ya nyuma ilitengenezwa kupokea kutoka giaboksi Newton-mita 750 kwa gia ya kwanza. Sasa inaweza kupokea 1,700. Ni kweli kwamba tairi zikiteleza mzigo unaishia hapo, na ndiyo maana nasisitiza kikomo cha msuguano. Lakini tairi lililobanwa kati ya mawe mawili halitelezi. Katika gari la kiwandani injini ingezimika, na kuzimika huko ni kama fyuzi inayoungua ili waya upone. Kwa uwiano wa 174 injini haizimiki. Inaendelea kusukuma hadi kitu kikatike, na katika Toyota hizi kitu hicho mara nyingi ni jointi ya ekseli ya mbele, hasa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Dawa yake ya kwanza ni mguu wa dereva: tairi likigoma kuzunguka, simama, nyoosha usukani, rudi nyuma, tafuta mstari mwingine. Dawa ya pili ni ya fundi: mhimili imara wa kushikilia transfa, kwa sababu nguvu ileile inayozungusha propela inataka pia kulipindua sanduku zima.

Na wanaosema loki za difu zitangulie, wako sahihi kabisa. Tairi likining'inia hewani, difu ya kawaida huzungusha hilohilo, na uwiano wa 174 utalizungusha polepole tu. Mwenye fedha za kitu kimoja afunge loki kwanza. Wenye magari ya otomatiki na mifumo ya kompyuta inayotambaa yenyewe nao wana hoja, maana mifumo hiyo inapanda vizuri. Hata hivyo, inafanya kazi kwa kushika na kuachia breki, na breki hupata joto. Katika mteremko mrefu gia bado inashinda.

Kwa hiyo nani aifunge? Anayekwenda kwenye mawe mara kwa mara, na anayeshuka miteremko mikali akiwa na mzigo. Anayepambana na tope tu aache. Gari fupi pia litaleta tabu, kwa sababu transfa ikisogea nyuma zaidi ya sentimita kumi, propela ya nyuma inakatwa ikawa fupi, pembe yake inakuwa kali, na krosi zinaanza kutetemeka. Ya mbele nayo lazima irefushwe, na boriti inayobeba giaboksi itengenezwe upya. Mambo hayo ya kuchomelea na kupima ndiyo yanayokula siku nyingi, si kufunga bolti za bamba. Kabla ya kulipia chochote, mwambie fundi ahesabu meno ya shafti inayotoka kwenye giaboksi yako: magari ya silinda nne yana 21, ya V6 na ya tabo yana 23, na kisanduku cha moja hakiingii kwenye nyingine.